Roda Kushoto

Deira, Dubai

Mdogo wangu Daudi,

Pokea salamu za dada yako kutoka huku kwenye joto. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, koo halikuumi, na lile jino la nyuma ulilokuwa ukililalamikia umeshaling'oa. Mimi mwili wangu u mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Mama aliniambia mafua yanamsumbua kila asubuhi. Tafadhali mkataze kuwasha jiko la vumbi la mbao ndani ya nyumba, maana ulishamnunulia la gesi. Najua atakujibu kwamba chai ya gesi haina ladha, lakini wewe mkataze tu.

Usishangae kuona barua katika zama hizi za simu. Nimekupigia mara nyingi, anapokea meneja wako, ananiuliza mimi ni nani, nami nakata. Hata ningekupata mwenyewe, ungenikatiza kabla sijamaliza. Ungesema, "Achana na hayo, dada," nami ningefurahi sana kuachana nayo. Kwa hiyo naandika. Barua nitampa msichana wa dukani kwetu anayekuja nyumbani likizo, na ameahidi kukukabidhi wewe mkononi, si meneja.

Daudi, nina aibu. Sijui namna nyingine ya kuanza. Nina aibu hata ya kuandika jina lako hapo juu.

Niache nianzie mbali kidogo ili unielewe. Nilipoondoka Elburgon ulikuwa bado unapiga lile gitaa la mkebe wa mafuta ya kupikia, nyuzi zake waya za breki ya baiskeli, shingo yake kipande cha mbao ulichookota kiwandani. Ulikuwa ukikaa juu ya rundo la mabanzi, ukiiga nyimbo za kauboi ulizozisikia kwenye redio ya msimamizi wa kiwanda. Maneno yenyewe ulikuwa huyajui hata moja, ukajitungia Kiingereza chako cha puani, na wapakiaji wa magogo wakakupigia mluzi. Siku ya safari ulinisindikiza hadi stendi na kofia kuukuu ya baba kichwani, ukaniimbia mbele za watu mpaka nikakwambia unyamaze. Hata siku ile nilikuonea aibu, na wewe ukadhani ni uchungu wa kuagana.

Huku nilipata kazi katika duka la vitambaa Bur Dubai, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba siku ya kwanza msimamizi aliitazama pasipoti yangu, akachukua jina la mwisho na kulichapa kwenye beji: Nafula. Sikumsahihisha. Nilijitazama kwenye kioo cha chumba cha kujaribia nguo nikalipenda. Roda alikuwa msichana aliyebeba magunia ya vumbi la mbao kichwani na kuuza nyumba kwa nyumba na mamake. Nafula hakuna aliyemjua. Wenzangu wa chumbani waliponiuliza kwetu ni watu gani, nikasema baba alikuwa na kiwanda cha mbao. Lilinitoka tu, Daudi, na likishatoka halirudi. Wakanitazama kwa heshima, wakanipa kitanda cha juu karibu na kiyoyozi.

Kisha wewe ukaanza kupanda. Kwanza Mama akanipigia kusema unaimbia madereva wa malori katika vibanda vya nyama choma barabarani, na kwamba unalipwa kwa mbavu za mbuzi. Nikacheka. Halafu nikasikia umenunua gitaa la kweli. Halafu umepewa kipindi redioni siku ya Jumapili. Halafu picha ikanifikia kwenye simu, ya mwanamume mwenye kofia pana na buti za ngozi, chini yake imeandikwa Dave Mbao, nikachukua muda kujua kwamba ni wewe, mtoto aliyekuwa akilala nami chini ya blanketi moja na kulivuta usiku kucha. Nilifurahi. Nilitaka kumwonyesha kila mtu ile picha. Lakini ningesemaje? Mtoto wa mwenye kiwanda angeimbia mbavu za mbuzi kwa sababu gani?

Wimbo wenyewe niliusikia mara ya kwanza kwenye abra, ile mashua ya kuvushia watu, asubuhi, nikivuka kwenda kazini. Kijana mmoja wa Kitanzania aliuweka kwenye simu yake kwa sauti, na abiria wote wakawa wanatikisa vichwa. Nikasikia gitaa, nikakujua kwa gitaa kabla ya sauti. Kisha:

"Roda kushoto, mimi kulia,
gambuti za baba zatutosha pia."

Nilihisi nimevuliwa nguo mbele ya abra nzima. Nikazikumbuka zile gambuti, buti za mpira tulizoachiwa na baba pamoja na kofia yake, kubwa hata zikijazwa maranda ya mbao mguu unacheza ndani. Nikajiona nimevaa moja na wewe umevaa nyingine, tumeshikana mabega, tunarukaruka kwenye tope la kwenda shule, kila mmoja na mguu mmoja peku, na watoto wa msimamizi wanatuchungulia dirishani wakicheka. Jambo nililolivukia bahari ili nilisahau, wewe umelitia muziki. Sikusubiri wimbo uishe. Abra ilipogusa ukingo nilishuka wa kwanza.

Na balaa lenyewe likawa linachezwa. Nadhani wewe ndiye uliyeubuni ule mchezo, au mashabiki wako: watu wanajipanga mstari, wanachechemea kushoto, wanachechemea kulia, kofia mkononi. Huku Wakenya waliucheza kwenye harusi, kwenye ubarikio, kwenye korido za majengo wanayolala walinzi. Chumbani kwetu mwalimu alikuwa Mwanaisha, msichana wa Likoni anayelala kitanda cha chini yangu. Anafanya kazi saluni, ana moyo mkubwa na mdomo usiotulia. Kila ulipopigwa wimbo huo aliniita, "Nafula, ndoo ucheze! Weye mtu wa bara, hii ni ngoma yenu!" Mimi nilikuwa nikisema kichwa kinaniuma, nikaenda kusimama roshani mpaka uishe. Kwa muda wote ule, Daudi, sikuwahi kuusikia wimbo wako ukipita kiitikio cha kwanza.

Ndipo ukaniandikia kwamba unakuja. "Dada, nimekuwekea kiti cha mbele. Nitakuita jukwaani wakuone Roda mwenyewe." Nami nikakujibu kwamba arbab, mwenye duka letu, amekataa kunipa ruhusa, kwamba Ijumaa duka linajaa.

Arbab hakukataa. Sikumwomba.

Ukumbini nilikuja. Hilo unalijua, kwa hiyo silisemi kukupasha habari, nalisema ili uone kwamba sasa sijifichi. Mwanaisha alinunua tiketi za chumba kizima, na nisingeweza kukataa bila sababu. Na pia nilitaka kukuona. Hilo ni la kweli, lipokee hata kama mengine yote utayatupa. Nilivaa miwani ya jua na mtandio wa Mwanaisha, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, wahudumu wanapita na sinia za kuku juu ya kichwa changu. Ulipotoka na ile kofia, mwanga ukakupiga usoni, nilimwona baba. Nililia ndani ya miwani.

Kisha ukasimama kwenye maikrofoni ukasema, "Dada yangu anaishi hapa hapa Dubai. Leo bosi wake amemnyima ruhusa. Sasa kwa sababu yeye hayupo, nyinyi nyote leo ni Roda, ama namna gani?" Watu wakapiga kelele. Mama mmoja akasimama akasema huyo bosi alaaniwe, na ukumbi mzima ukaitikia. Arbab wangu, mzee wa watu anayenigawia tende kila Ramadhani na kuniuliza habari za mama yangu, akalaaniwa na mamia ya watu kwa ajili yangu. Nilitamani kutoka, lakini Mwanaisha alikuwa amekaa upande wa njia.

Sasa lile la kutuza. Sisi watu wa bara hatukulelewa nalo, kwetu mwimbaji akifurahisha anapigiwa mluzi, basi. Mwanaisha aliposikia umeanza Roda Kushoto alisimama, akatoa noti mkobani, akaibana kati ya vidole viwili.

"Mwakaa hivyo hivyo?" alituuliza. "Kwetu mwimbaji hapigiwi makofi akaachwa. Yuwatuzwa! Akiimba lililo moyoni mwako, wainuka, wamwendea, watu wakuone."

Wanawake wa pwani walikuwa wameshainuka meza zote, wanakwenda taratibu wakiyumba, noti juu. Wa bara wakatazamana, halafu nao wakaunga mstari, wakichechemea ule mchezo wako. Wewe uliduwaa. Nadhani ulifikiri wanakuja kupiga picha. Mwanaisha akanishika mkono. Nikamwambia miguu inaniuma. "Hata! Inuka bwana, usituaibishe," akasema, na kabla sijajua nilikuwa ndani ya mstari, mbele watu, nyuma watu.

Wote walikuwa wakichechemea kwa furaha. Mimi peke yangu nilitembea wima, na labda ndiyo sababu ulinitazama. Ulikuwa umevua kofia na kuigeuza iwe ya kupokelea. Nilipoinama kutia noti, ukaniona. Miwani na mtandio havikusaidia chochote, ulinijua kama unavyojua mlango wa nyumbani. Uso wako ukafunguka, mdomo ukaanza kutamka, na mimi nikatikisa kichwa. Kidogo tu. Wewe ndiye pekee uliyeona.

Ukanyamaza. Gitaa liliendelea nyuma yako, mpiga besi akawa anakutazama. Kisha ukaniletea maikrofoni ukaniuliza kwa ile sauti ya jukwaani, ya upole, "Asante sana, madam. Unaitwa nani?"

Nimelifikiria swali hilo kila siku tangu wakati ule. Hukuwa unanitega. Ulikuwa unaniachia nichague mwenyewe. Ningesema neno moja na ukumbi wote ungesimama. Nikasema, "Nafula."

"Makofi kwa Nafula," ukasema. Ukaniitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia shabiki yeyote, ukarudi kwenye wimbo. Na kiitikio kilipofika ukaimba, "Mama kushoto, mimi kulia."

Ukumbi ulilipuka. Watu walifikiri umeamua kumheshimu mzazi wako siku hiyo, na wengine walilia. Mwanaisha aliniminya bega. "Msikie! Amtaja mamake! Mtoto mwema huyu, Mungu amueke." Nilirudi kukaa karibu na mlango wa jikoni.

Baadaye nilingoja ujumbe wako. Nilijiandaa kwa matusi, nikajitungia na majibu. Hukuleta neno. Badala yake video zako zikawa zinafika, mara uko Nakuru, mara uko Eldoret, na kote sasa ni Mama kushoto. Umeniondoa. Mwanzoni nilijiambia kwamba hilo ndilo nililolitaka, sasa niko huru, naweza hata kuucheza. Siku moja Mwanaisha aliweka video yako mpya akaniita, nikaenda, nikachechemea pamoja nao. Wimbo ulipofika mahali pa jina langu na jina halikuja, nilisimama katikati ya chumba kama mtu aliyepigiwa hodi akafungua mlango asikute mtu.

Halafu Mama akapiga simu.

"Roda, asante mwanangu," akasema. "Daudi ameniambia vile ulimpikia biriani, na vile mlikaa mkiongea mpaka akachelewa kurudi hotelini. Anasema umenenepa, una rangi nzuri. Mimi nilikuwa nimeogopa mtapitana tu, lakini Mungu ni mwema."

Mama yetu alinishukuru kwa biriani ambayo sikuipika, na wewe ndiye uliyeipika kwa mdomo wako ili asijue nilichokufanyia. Nililia, naye akadhani ni upweke, akaniombea hapo hapo simuni. Alipomaliza kuomba akasema jambo lingine.

"Lakini hebu mwambie ndugu yako. Kwa nini ameniweka kwa huo wimbo? Watu kanisani wananiuliza ni lini nilivaa gambuti. Mimi sikuvaa gambuti. Ilikuwa ni yenu nyinyi wawili, mimi nilikuwa natembea peku. Mwambie aache uongo, Roda. Wewe anakusikiza."

Jioni hiyo hiyo nilimwomba Mwanaisha anipigie ule wimbo wa zamani, wa kwanza, wote. Alishangaa lakini akauweka. Tulikaa kitandani kwake, nikausikiliza kwa mara ya kwanza hadi mwisho. Ubeti wa kwanza wa baba. Ubeti wa pili wa Mama na magunia. Na ubeti wa tatu, ambao nusu ya Dubai wanaujua kwa moyo isipokuwa mimi:

"Ya kushoto ilivuja, tope likaingia,
dada akaivaa, akanipa ya kulia."

Daudi, nilikuwa nimesahau kwamba ilivuja. Naapa. Katika miaka yote hii nimewakumbuka waliotucheka dirishani, sikulikumbuka tundu hata siku moja. Nilidhani unaniuza kwa watu, kumbe ulikuwa unanishukuru. Wanaochechemea kushoto hawanicheki. Wanachechemea kwa sababu ya maji yaliyokuwa yanaingia kwenye mguu wangu, uliyokuwa unayaona ukiwa mtoto mdogo wa kushikwa bega, na ukayaweka moyoni mpaka ukawa mtu mzima mwenye gitaa.

Nikamwambia Mwanaisha, "Roda ni mimi."

Akaangua kicheko. "Na mimi ni mamake Dave! Nafula, babako si ana kiwanda weye?"

Hiyo ndiyo adhabu yangu, ona. Uongo waliuamini siku ya kwanza bila kuuliza, na ukweli naulilia hauaminiki. Nikamwambia baba yangu alipakia magogo kwenye kiwanda cha mtu, na kwamba zile gambuti zilikuwa zake. Nikamwambia habari ya maranda tuliyojazia ndani ili zisitoke mguuni, jambo ambalo halimo kwenye wimbo. Kicheko kikamwisha polepole. Akazima simu.

"Kumbe siku ile," akasema, "nduguyo alikuuliza waitwa nani. Nami nimesimama papo hapo nyuma yako."

"Ndiyo."

"Na ukamwambia Nafula."

Hajanisimanga hadi leo, bado ananiwekea chai asubuhi, lakini haniiti tena kucheza. Jana tu ndipo aliponiletea hii kalamu na karatasi akasema, "Mwandikie. Simu utamdanganya."

Nimeenda kwa msimamizi nikamwomba beji mpya. Akakasirika, "Khalas, Nafula ana shida gani? Wateja wamelizoea." Nikamwambia pasipoti ina majina mawili na hili ndilo nililoitwa na mama yangu. Amenichapia. Juzi aliingia mteja, mama wa Kikenya anayekaa Al Twar na watoto wake, akasoma beji akaanza kuimba kiitikio chako huku anapapasa vitambaa. "Wewe ndiye Roda wa kushoto?" akanitania. Nikasema ndiyo, ndiye mimi, Dave ni mdogo wangu wa tumbo moja. Hakuniamini hata kidogo. Akacheka, akanunua satini ya harusi, akaenda zake. Lakini nililisema kwa sauti, na arbab alikuwepo akasikia. Nimemweleza pia kwamba kuna ukumbi ulimlaani. Amesema amesamehe, na ameuliza utakuja lini tena ili safari hii akunyime wewe ruhusa ya kuondoka.

Sasa lile ninaloomba. Siombi unipende haraka kama zamani, wala usiniletee tiketi, wala usimwambie Mama kuhusu biriani, hilo nitamwambia mimi mwenyewe nikija. Naomba unirudishe kwenye wimbo. Mama hakuwa kushoto wala kulia. Mama alikuwa peku, mbele yetu, akitutafutia pakavu pa kukanyaga. Ukitaka kumwimba, mtungie wake. Mahali pale pa kushoto ni pangu, palikuwa na tundu na maji yanaingia, na mimi ndiye niliyepavaa. Nilipakataa mbele yako na mbele za watu, na sina haki ya kupadai. Napaomba tu.

Kama umeshazoea kuimba Mama, au kama kila ukifika hapo unauona mtandio wangu na miwani, basi endelea, sitauliza tena. Lakini kama siku moja utaliimba jina langu, hata kwenye kibanda cha nyama choma, waambie waliopo kwamba safari hii dada yako hakunyimwa ruhusa na mtu.

Nisalimie Mama, mwambie nimemsikia na nimekuandikia kuhusu gambuti. Nisalimie mkeo ambaye sijamwona, na mtoto wenu ambaye nasikia ana paji la uso la baba. Nisalimie mjomba mlinzi wa kiwanda, na shangazi aliyekuwa akikufichia gitaa la mkebe Mama akitaka kulifanya kuni. Bibi wa nyumba ya pili, aliyenunua vumbi la mbao kwetu hata siku alizokuwa nalo tele, kama bado yu hai, mwinamie kwa niaba yangu.

Ni mimi, wa kushoto,

Roda